Kuhusu Kuwekwa Kwangu Safu ya Nne Katika Jedwali la Masanduku ya Betri

Kwa Ndugu Mhariri wa jarida la wapiga kambi na wenye magari,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na meza yako ina nafasi ya jambo moja zaidi. Mimi ni karani mstaafu wa bohari na msomaji wenu wa miaka kumi na moja. Sijawahi kuwaandikia, hata mlipokosea ramani ya njia ya mkato mkatupeleka kwenye machimbo ya kokoto. Mke wangu alisema hayo nayo ni matembezi, nikanyamaza. Safari hii siwezi kunyamaza kwa sababu mmenikosesha kiti.

Nazungumzia makala ya toleo lililopita, ile ya kuchagua sanduku la betri la kutumia kambini na garini. Mlieleza vizuri kwamba sanduku hili, lenye betri ndani, soketi pembeni na mkono wa kubebea juu, humwezesha mtu kuwasha taa, friji ndogo na feni akiwa porini, na hata kuliamsha gari lililogoma. Hapo sina ugomvi nanyi. Ugomvi wangu uko chini ya ukurasa, kwenye sentensi mliyoikoleza wino: kwamba msomaji asinunue kabla hajalilinganisha sanduku na kitu anachokitumia sasa kwa kazi hizohizo.

Ndugu Mhariri, kitu kinachotumika sasa ni mimi.

Kwa miaka kumi na tisa familia yetu imekuwa ikienda ziwani mara moja kwa mwaka, siku tatu, na mahema yetu. Tochi hushikwa na mimi. Magodoro ya upepo hujazwa na mapafu yangu. Mama mkwe akisikia joto, mwenye kupepea ni mimi, na gari likigoma, wa kusukuma anajulikana. Mke wangu ni msimamizi wa maabara ya shule ya sekondari, na wanafunzi humwita Mama Vipimo. Hachemshi chai bila kutazama saa. Aliazima masanduku matatu dukani kwa majaribio ya wiki moja, akachora jedwali kwa rula kwenye meza ya kulia chakula: A, B, C. Kisha akaisoma sentensi yenu. Akaisoma tena. Akanitazama nilivyokaa na gazeti langu, akaivuta rula, akachora safu ya nne. Hiyo D ndiyo mimi.

Malalamiko yangu nayapanga kama ifuatavyo:

1. Uzito. A lina kilo sita, B kumi na moja, C kumi na tisa. Mimi nina themanini na nne. Mliwapa alama wepesi bila kuuliza nani aliwabeba wenzake hadi kwenye mizani, na aliyewabeba wote watatu ni mimi. Kwenye mstari wa mkono wa kubebea niliandikiwa "hana". Nikainua mikono yangu yote miwili kama ushahidi. Mke wangu akanifafanulia kwa upole kwamba hiyo ni ya kubebea, inayotakiwa ni ya kubebewa. Hiyo herufi moja ndiyo iliyoniuma.

2. Kudumu kwa chaji. B liliwasha taa kwa muda wa saa kumi na tisa. Mimi niliingizwa stoo, mlango ukafungwa, nikaambiwa niinue tochi mpaka nishindwe. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, na ambaye tangu siku ya harusi amekuwa na hamu ya kuniona nikifanya kazi, alijitolea kushika saa. Nilidumu dakika ishirini na sita, na ningeendelea kama si pua kuniwasha. Yeye akaandika ishirini na tano. Nilipoidai dakika yangu alisema hiyo nilikuwa naongea.

3. Kelele. Mliandika kwamba sanduku zuri likiwa linachaji halizidi mnong'ono. Mke wangu akatupima wote wanne tukiwa tunachaji, na mimi huchaji kwenye sofa baada ya chakula cha mchana. Matokeo sitayataja kwa kuwa jarida lenu husomwa na watoto. Itoshe kusema kwamba C, ambalo kwa kipimo chenu lina kelele za kuudhi, lilihamishiwa sebuleni likiwa limewashwa ili kunifunika.

4. Kuchaji kwa jua. A lilijaa kwa saa tano. Kwa ajili ya haki, nami nilianikwa uani, kwenye kiti, nikitazama upande uleule. Baada ya nusu saa nguvu zangu zilikuwa zimepungua badala ya kuongezeka. Mke wangu akaandika: "Chaji hushuka. Huenda nyaya zimeunganishwa kinyume." Akaitwa shemeji, mdogo wake, ambaye ni fundi umeme wa magari. Nilitegemea angenitetea kama mwanamume mwenzake. Badala yake alinizunguka mara mbili, akauliza mwaka wangu, akatikisa kichwa kwa ile huruma mafundi wanayompa mteja kabla ya kumpa habari mbaya. Akasema vya mwaka huo spea zake hazitoki tena.

5. Dhamana. Wenzangu wana miaka miwili hadi mitano. Mke wangu aliuliza kama mimi nina karatasi yoyote. Mama mkwe akasema siku ya makabidhiano aliiulizia hiyo karatasi, wazee wetu wakabadilisha mazungumzo. Nikampigia simu dada yangu mkubwa aseme neno kwa upande wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema upande wetu haupokei vilivyorudishwa, akaomba nimsalimie wifi yake.

6. Kuamsha gari. B liliunganishwa, gari likawaka mara moja. Mimi nilisukuma kutoka getini hadi kwa fundi viatu, na lilipokaribia kuwaka yule fundi akatoka, akatia bega. Nilimshukuru sana. Kumbe kila hatua aliyosukuma inatolewa kwenye alama zangu, kwa kuwa masanduku hayakusaidiwa na mtu.

7. Kiti. Hapa ndipo penye kidonda, mengine yote ningejikaza kisabuni. Jumla ilikuwa hivi: B alama themanini na moja, C sabini, A sitini na sita, D ishirini na tisa. Gari letu lina viti vitano. Mke wangu anaendesha, mama mkwe hukaa nyuma na binti zetu wawili, na kiti cha mbele kando ya dereva miaka yote kimekuwa changu. Buti imejaa mahema. Lakini ninyi mmeagiza kwamba sanduku lisilazwe ubavu, lisiwekewe mzigo juu, lipate hewa safi na litikisike kidogo iwezekanavyo. Mahali pekee penye sifa hizo ni mahali pangu. Safari ni Ijumaa. Binti yangu mkubwa, anayenipenda, ameniuliza kama ninaweza kukaa buti, lakini yeye mwenyewe aligundua kwamba huko nitawekewa mzigo juu.

Ndugu Mhariri, niseme wazi. Ziwa lile ndipo nilipomposa mke wangu, kwenye gogo, nikiwa nimeshika tochi iliyoisha betri. Kila mwaka tunalikalia gogo lile. Nikilifikiria sanduku B limekaa pale pembeni yake, limejaa asilimia mia, naumia.

Kwa hiyo naomba kabla ya Ijumaa mchapishe masahihisho, maneno machache tu, kwamba mume hahesabiwi kuwa kifaa. Kama sheria za jarida haziruhusu, ongezeni vipimo ambavyo mmevisahau: kuimba garini, kukumbuka chumvi iliwekwa mfuko gani, kutoa mjusi hemani, na kucheka hadithi ya mama mkwe iliyokwisha kusimuliwa. B litapata sifuri kote. Na kama hilo nalo haliwezekani, basi nipimeni upya ofisini kwenu mbele ya watu wasionijua. Nimeshaanza mazoezi. Tochi sasa naishika dakika arobaini na moja, na nimemwomba mshonaji wa mtaani anishonee mkono wa kubebewa mgongoni mwa koti. Umekaa vizuri, ila bado hajapatikana wa kuujaribu.

Nisalimie mpiga chapa, mpiga picha na mlinzi wa mlangoni. Nisalimie pia aliyeiandika ile makala, na umuulize kwa niaba yangu kama amewahi kuoa. Mke wangu anawasalimu, anasema kwenye grafu yenu mstari wa joto la betri mliuchora vizuri. Mama mkwe naye anawasalimu, sana kuliko kawaida yake.

Ni mimi ninayeendelea kufanya kazi bila kuzimwa,
D
(karani mstaafu wa bohari)

Baada ya kutia saini: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha leo asubuhi nilipoliona jedwali mezani. Mstari wa mwisho kabisa, wa pendekezo, mke wangu alikuwa ameuacha wazi mpaka vipimo viishe. Sasa ameujaza. Ameandika: "Tunachukua D. Sababu: ndicho kifaa pekee kinachojua nimechoka kabla sijasema." Masanduku yote matatu yamekwisha rudishwa dukani. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia, sioni aibu kulisema.

Nikiwa hukohuko nyuma ya gari nikaletewa orodha ya kazi. Magodoro matano. Taa ya jikoni, taa ya hemani, taa ya njia ya chooni. Barafu ya chakula kila alfajiri, kwa kuwa friji haitakwenda. Kumpepea mama mkwe, saa sita hadi saa tisa. Nikajaribu godoro la kwanza ili nijizoeze. Nilipofika katikati ya la pili, mama mkwe alikuwa na vichwa viwili, na vyote vilikuwa vinaandika dakika.

Nimekwenda dukani mbio. Namshukuru Mungu, B lilikuwa bado rafuni. Nimelinunua, nimelikalisha kwenye kiti cha mbele, na mimi nitafuata kwa basi la mchana, nifike magodoro yakiwa yameshajaa. Gogo tutalikalia jioni, mimi na yeye, B likiwa hemani kazini. Kwa hiyo barua hii naomba msiichape. Mkiwa na nafasi, andikeni tu kwamba themanini na moja ni kulionea, lipewe tisini.

Nilipomaliza kulifunga mkanda niligeuka ili nimweleze mke wangu ilivyokuwa. Kabla sijafungua mdomo akaniambia nikapumzike.