Sauti ya Juu ya Malkia

Jumatatu, 3 Machi
Nyota imeniwakia! Bosi wa studio amenikabidhi nyimbo zote za Malkia, za opera na za kawaida, nizikusanye ziwe albamu moja. Malkia ndiye soprano, mwimbaji wa sauti ya juu kabisa, tuliyekua tukimsikia redioni. Amestaafu, ila Ijumaa anakuja mwenyewe kuisikiliza. Bosi kadokeza kwamba nikifanya vizuri nitapewa ukuu wa maktaba ya kanda za muziki. Fundi Mitambo naye anakimezea mate cheo hicho. Alijitolea kunisaidia. Nikamwambia asijisumbue.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwisha! Nilikuwa na kanda ya ile opera ambayo binti anakufa huku anaimba, wimbo uliompa Malkia jina jukwaani, ambao redioni haukuwahi kupigwa. Kanda ilikuwa imeachwa karibu na mwisho. Hata sijausikiliza, nikabonyeza kitufe chekundu. Kumbe ni cha kurekodi! Mahali pa sauti ya mwisho, ile ya juu kabisa, sasa nasikika mimi nikipiga chafya na kulalamika kwamba chai imepoa.

Fundi alichungulia, akauliza mbona natokwa jasho. Nikasema joto.

Jumatano, 5 Machi
Usingizi sikuupata. Asubuhi nikamkumbuka shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, anayeimba kwaya kwa sauti ya kwanza, sauti inayotimua kuku wa jirani. Nikampitisha mlango wa nyuma, nikamwonyesha kwenye karatasi ya muziki ile sauti ya mwisho. Akaitoa! Nikairekodi, nikaibandika mwisho wa wimbo. Tofauti siioni. Nimemwapisha asimwambie mtu. Mke wangu, aliyenibana hadi nikamweleza, kasema njia ya mwongo ni fupi. Mambo ya studio yeye anayajulia wapi?

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kawaambia kwaya nzima! Simu ikilia naruka. Naogopa, sifichi. Nimepanga: kesho, sauti ile ikifika tu, naangusha sinia la vikombe. Nani atasikia kitu?

Ijumaa, 7 Machi
Malkia alikaa, akafumba macho. Nikaharakisha, sinia nikaliangusha mapema! Kila mtu akanyamaza kwa mshtuko. Ndipo sauti ya shemeji ikapaa kwenye kanda, peke yake, kila mtu akiisikia.

Malkia akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni yeye mwenyewe, mama yetu. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, hiyo sauti sijawahi kuifikia maishani. Siku ile koo lilinibana, nikashuka chini. Watu wakalia, wakadhani ndivyo mtu anavyokufa."

Laiti ningesikiliza kwanza! Ikabidi nikiri yote, na shemeji nikamtaja. Fundi akaenda chumbani kwake, akarudi na nakala ya wimbo mzima. Kumbe hatoi kanda yoyote kabatini kabla ya kuinakili. Ningemuuliza tu!

Jumapili, 9 Machi
Fundi ndiye mkuu wa maktaba. Mimi nafuta vumbi la rafu zake, na albamu inatoka wiki ijayo. Mke wangu kanikumbusha kwamba kuuliza si ujinga. Sawa.

Lakini Malkia anataka kumfundisha shemeji! Na shemeji kagunduliwa na nani? Nitakuwa meneja wake. Mazoezi yanaanza leo, hapa sebuleni. Nimeiazima kimyakimya nakala ya Fundi, ndiyo pekee iliyobaki, ili shemeji amwige Malkia. Mashine ya nyumbani vitufe vyake vimefutika rangi. Fundi angenielekeza, lakini nimpigie simu yule? Nimebonyeza kimojawapo. Sauti bado haijatoka, ila kijitaa chekundu kimewaka. Dalili njema.