Kisumu Irudishwe Mbali

Kola, Machakos.

Kwa Mhariri,
Tovuti ya Kupimia Safari za Ndege.

Ndugu Mhariri,

Natumai u mzima. Mimi pia ni mzima, ila nyumbani kwangu hakukaliki, na aliyesababisha ni wewe.

Binti yetu Mutanu aliolewa na Munyao, fundi wa friji, wakahamia Kisumu. Tangu hapo, kila mke wangu Ndila alipotaka twende kuwaona, nilimjibu kwamba Kisumu ni mbali. Neno hilo moja lilitutunzia amani miaka minne. Juzi, Mutanu akiwa karibu kujifungua mtoto wa pili, Ndila alifungua simu akakuta umeandika: Machakos hadi Kisumu kwa ndege, dakika hamsini. Alinitazama, kisha akatazama sufuria jikoni. "Baba Mutanu, hiyo saa hata isyo haijaiva!" Sasa kila akibandika mahindi na maharagwe ananikumbusha kwamba tungekuwa tumeshafika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mjini Machakos mimi huenda kila wiki, na sijaona ndege ya abiria ikitua. Hiyo dakika ya kwanza uliianzia wapi, stendi?

2. Unasema umepima kama ndege anavyoruka. Ndege yupi, au ni ndege ipi? Mimi ndege ninaowafuga ni kuku, na hawajawahi kuvuka ua wa jirani bila ugomvi.

3. Hukuhesabu muda wa kumshawishi mzee. Naogopa, Mhariri, nikufiche nini? Na mvi zangu hizi nifungwe mkanda kitini kama mtoto, na chini ya kiti hakuna kitu!

4. Ndila ameapa kwamba nisipoenda ataenda peke yake. Nitabaki na kuku, na sufuria ambayo sijui hata chumvi yake hutiwa lini.

Kwa heshima na taadhima, naomba hizo dakika hamsini ziandikwe saa kumi na mbili. Ukiona ni nyingi, tuelewane kwa saa tisa, mimi si mtu wa kuvutana. Ukiweza kuongeza mlima mkubwa njiani, nitashukuru.

Nisalimie wote ofisini. Rubani naye msalimie, ila asinisubiri.

Wako, nikiwa bado nimesimama chini,
Masila

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, Mutanu amepiga simu. Ni mvulana, wa pili kwake. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babake baba, na wa pili jina la babake mama. Kwa hivyo huko Kisumu yuko Masila mwingine, na hajaniona. Ndila anafunga mizigo, nami nimeomba kiti cha dirishani. Tafadhali, Mhariri, hebu zitazame tena hizo dakika hamsini. Hakuna njia ya kuzipunguza?