Maua ya Jangwa ya Papa Nsimire

Bandugu, leo haya imenikula mpaka ku visigino.

Munajua nataka kuoa Nsimire. Papa yake ni askari, alirudia toka vita ya Tchad. Benzake balileta maredio. Yeye alileta mbegu ya maua ya jangwa, ndani ya soksi. Inatambaa chini, hata kiatu inaipita urefu. Na sababu mvua ya Bukavu ingeiua, Papa aliijengea kanyumba ya mabati. (Mimi mwenyewe nalala chini ya paa ya nyasi. Tuendelee.)

Leo ni salongo, siku ya usafi ya lazima, chef wa kartie, mukubwa wa mutaa, anapita kuangalia maparseli, kiwanja ya kila mutu. Papa ananipa jembe: nisafishe yote, ila maua yake. Ananiuliza kama naijua. Mimi? Nikamujibu, toka hapa mpaka Walungu hakuna jani yenye hainisalimiake kwa jina. (Ukweli, najua mboga mbili: lengalenga na sombe. Na sombe, ikiwa mu sahani.)

Basi nikatafuta mabati. Nikaikuta karibu na choo, chini yake kajani kanatambaa. Nikakazunguka na heshima. Ingine yote nikang'oa, nikatupia sungura za Papa.

Saa sita Papa anarudi na chef na muzee moja. Nikabapeleka ku mabati, nikaanza hotuba: mbele ya hii maua ngamia inapiga magoti, bakubwa ba Tchad banavua kofia! Papa akataka kusema kitu, sauti yangu ikamufunika. Chef akavua kofia. Muzee akapiga magoti. (Kuinuka, ilibidi tumuvute.)

Maman Nsimire akatoka ku jiko, akaangalia.

"Papa Nsimire, munaabudu majani ya choo? Mabati, upepo ya usiku njo iliitupa huku."

Papa akakimbia fasi ya zamani, kwenye kanyumba kalikuwa. Udongo mutupu. Safi kabisa, kazi yangu nzuri.

Tangu Noeli ananiitaka "mukwe wangu". Sasa akasema, kama kwa mutu hamujue:

"Citoyen, maua iko wapi?"

Tukaenda kwa sungura. Moja ilikuwa inatafuna, kaua ka njano kananing'inia ku mudomo. Kakaingia pole pole, sisi bote tunaangalia. Kakaisha.

Papa akanionyesha kinyesi nyuma ya sungura.

"Mbegu haikufaka mu tumbo, inapita nzima. Utakaa hapa, utachambua kila kitu inatoka. Siku maua itaota, njo siku utaoa."

Sasa niko nimechuchumaa nyuma ya sungura. Nsimire iko ku dirisha, ameziba mudomo na kitenge, mabega inatetemeka. Nyinyi musicheke. Kila mwanaume anangojaka jibu ya ukweni. Yangu tu njo inatokea kwa sungura.