S ni Soma, N ni Nakili

Jumatatu, 6 Juni 1988

Bwana Henrik, Mzungu aliyetuandikia programu ya visima, ameondoka na basi la Mwanza. Ametuachia kompyuta, draivu yake ya kusomea diski, printa, televisheni ndogo ya kuonyeshea maandishi, na diski moja. Maelezo hakuacha. Alisema programu inajieleza yenyewe. Nimekaa mbele yake siku nzima. Haijajieleza.

Mratibu wetu wa mradi wa visima, Mzee Thadeo, katuita watu wawili: mimi mpiga chapa, na Machage fundi pampu. Ijumaa anakuja Bwana Hamduni kutoka ofisi ya kanda. Anataka orodha ya visima vyote vya Musoma, Bunda na Butiama ichapwe mbele ya macho yake. Ikichapwa, kompyuta inabaki na mimi ndiye mtaalamu wake, cheo kamili. Isipochapwa, kompyuta inakwenda Mwanza, nafasi yangu inafungwa, narudi Bugwema kupalilia pamba ya baba. Mimi na Kidato cha Sita changu.

Machage kauliza: kompyuta ikienda, televisheni si inaweza kubaki? Kasikia ukipandisha waya juu ya paa unawapataga Wakenya na mpira wao. Huyo ndiye mwenzangu.

Jumanne, 7 Juni

Nimeisoma programu mstari kwa mstari. Nimegundua mambo mawili.

Kwanza, kuna mwanamke. Anaitwa Rem. Kila baada ya mistari michache Bwana Henrik anamwachia neno, na mashine inalipita bila kulitii. REM SUBIRI. REM ANZA HAPA. REM RUDI JUU. Mchumba, bila shaka. Ndani ya programu ya visima. Sikujua kama ana mtu. Si kwamba inanihusu.

Pili, amri za draivu. Hizi ni fumbo. Herufi moja na sifuri, mara nyingine na nukta mbili, vyote ndani ya alama za kunukuu. I0. V0. S0. N0. Hakuna kitabu cha Fizikia nilichosoma kinachozitaja.

Mchana nikapata ufunguo. Bwana Henrik alikipenda Kiswahili kupita kiasi. Alikuwa akiwaamkia hata mbuzi. Kila jina alilotunga katika programu ni la Kiswahili: KIJIJI, KINA, PAMPU. Mtu wa namna hiyo ataiamrishaje draivu kwa lugha nyingine? Basi I ni Inuka. V ni Vuta. S ni Soma. N ni Nakili.

Sikumwambia mtu. Machage angeiba.

Jumatano, 8 Juni

Majaribio. Nimeandika I0. Taa nyekundu ikawaka, draivu ikanguruma. Imeinuka. Nimeandika V0. Ikavuta muda mrefu, kama trekta kwenye matope ya Bugwema. Mara zote mbili jibu kwenye skrini: OK. Nadharia imethibitika.

Machage kasimama mlangoni na shati lake la mitumba lililoandikwa FLORIDA. Tangu masoko yafunguliwe na mitumba ijae, anatembea kama aliyeshuka kwenye ndege. Kasema hata gari bovu linanguruma, na haliendi popote. Kasema, "Miss Diski, mimi pampu ikinguruma nauliza maji yako wapi." Nimemwambia arudi kwenye pampu zake.

Nilipotaka kujaribu S, umeme ukakatika. Umerudi wakati tunafunga ofisi.

Alhamisi, 9 Juni

Siku ya msiba, lakini imeisha vizuri.

Asubuhi nimeandika S0:BUTIAMA. Yaani, Soma Butiama. Draivu ikafanya kazi kidogo, ikajibu: FILES SCRATCHED. Kiingereza hicho nakijua. Faili zimekwaruzwa. Nikaita yaliyomo kwenye diski. Musoma ipo. Bunda ipo. Programu ipo. Butiama haipo.

Nani kakwaruza? Mtu mmoja tu ofisini ana kucha kama koleo. Na jana mtu huyohuyo alikula samaki furu kwa mikono, mezani pangu, miiba na yote, nilipokwenda kuchukua karatasi.

Machage kakana. Kasema hajaigusa diski tangu azaliwe. Kasema faili la Butiama lilikuwepo kabla sijaandika S, na nilipoandika S halipo. Sasa yeye na kucha zake wameingiaje? Nikamjibu kwamba hata ugonjwa huonekana baada ya daktari kupima. Je, daktari ndiye aliyeuleta? Mzee Thadeo, ambaye hapendi kelele, akaamua Machage akate kucha. Kazikata kwa plaisi, kibarazani, moja moja, akinitazama.

Lakini hatari ilibaki. Ikiwa Butiama imekwaruzwa, Bunda je? Musoma je? Nikaona dawa ni kunakili vyote haraka. N. Nimeitafuta ndani ya programu na kuikuta chini kabisa, peke yake, na pembeni yake: REM HATARI SANA. Maskini Rem. Sijui alikuwa na matatizo gani.

Nikaandika N0:NAKALA,88. Draivu ikagonga kwanza kama mtu anayepasua mfupa wa ng'ombe buchani, kisha ikazunguka kwa bidii sana. Ikajibu OK. Machage kauliza nakala inakwenda wapi, maana diski ni moja. Nikamweleza kwamba inajinakili juu yake yenyewe, kama mtu anavyokariri. Nadhani ameelewa.

Nikaita yaliyomo. Jina NAKALA juu, na chini yake mstari mmoja tu: 664 BLOCKS FREE. Hakuna kitu kingine. Nimefikiri sana. FREE ni huru. Vilivyokuwa vimebanwa sasa vimefunguliwa. Kesho vitachapika bila taabu.

Ijumaa, 10 Juni

Havikuchapika.

Bwana Hamduni alifika mapema na Landrova ya ofisi. Mtu mpole, miwani mikubwa. Nikawasha mashine, nikaita programu. FILE NOT FOUND. Nikaita tena kwa upole zaidi. FILE NOT FOUND. Nikamwonyesha zile 664 zilizo huru. Akauliza, huru kutokana na nini?

Basi nikachukua chaki, nikamwelezea nadharia yangu ubaoni. Inuka, Vuta. Nilipofika kwenye Nakili alivua miwani. Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, "Dada Dorotea, N ni NEW. Ni Kiingereza. Umeiambia diski izaliwe upya, bila kitu ndani." Nikamwambia imetii. Mzee Thadeo akawa anahesabu mabati ya paa.

Hapo Bwana Hamduni akacheka. Alicheka mpaka akaomba maji. Machage aliyaleta mwenyewe, kwenye glasi ya wageni.

Hukumu: kule Mwanza kuna diski ya pili, nakala ya mwisho iliyopo duniani. Ataileta dereva. Nikitoa orodha kabla ya mwisho wa mwezi, kazi ni yangu, maana mkoa mzima hakuna mwingine anayejua hata pa kuiwashia. Nisipotoa, barua ya kufunga nafasi tayari anayo mfukoni. Alitaka kunieleza herufi nyingine pia, lakini dereva alisema Bunda mafuta yanauzwa na foleni ni ndefu. Wakaondoka.

Jumatatu, 20 Juni

Diski imefika. Mzee Thadeo kanikabidhi kwa mikono miwili. Kasema, "Binti, chapa tu. Usifikiri."

Nampenda Mzee Thadeo, lakini hilo si shauri la kumpa msomi. Siku zote hizi nimefikiri, na nakubali kosa langu bila aibu. Herufi si za Kiswahili. Ni za Kiingereza, zote. Mtu mzima hujifunza.

Na ukishajua hilo, kila kitu kinakuwa cheupe. N ni NEW. Hiyo sitaigusa tena maisha yangu. S haikuwa Soma kamwe. S ni SAVE. Okoa. Nimejicheka. Bwana Hamduni angeniambia hivyohivyo kama si mafuta ya Bunda.

Sasa, mtu mwenye busara akipewa nakala ya mwisho duniani, anaanza kwa kuchapa? Anaanza kwa kuiokoa. Na si faili moja moja. Bwana Henrik alikuwa akiweka alama ya nyota akitaka mashine ichukue chochote. Nyota ni vyote.

Machage kauliza kutoka mlangoni kama S hii ndiyo ile S ya Butiama. Nikamwambia ile ilikuwa ya Kiswahili. Nikafunga mlango.

S0:*

Draivu ilinguruma kidogo tu, kama asubuhi ile ya Butiama, ikanyamaza. Hakuna kugonga, hakuna vurugu. Nimezima mashine ili ipumzike kabla ya kuchapa. Sasa nakwenda kwa Mzee Thadeo nimwambie aanze kuandaa barua ya cheo changu.