Albamu ya Kwanza ya Kaburi la Ukungu

Jumatatu, 9 Juni

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: sijawahi kusikiliza wimbo mzima wa doom metal. Nimesikia dakika nne. Gitaa zito, polepole kama lori la mbao linalopanda mlima, na mtu anaunguruma habari za kifo. Kisha bando likaisha. Lakini dakika nne zilitosha. Kesho yake nikaanzisha bendi.

Tuko watatu. Mimi natunga na kuunguruma. Aroni anapiga gitaa. Eveline, mpiga kinanda wa kwaya ya vijana, anapiga kinanda. Tunaitwa Kaburi la Ukungu, maana hapa Nyololo mwezi wa sita ukungu hauondoki mpaka saa tano. Aroni amesema albamu yetu isipopata watu likizo hii, anahamia kikundi cha Mafinga kinachopiga singeli, muziki wa mbio. Aroni akiondoka, bendi imekufa. Na hao wawili ndio watu pekee wanaokaa nami shuleni wakati wa mapumziko. Kabla yao nilikuwa nakula chapati maktaba, nimejificha nyuma ya kabati la jiografia.

Tatizo ni vyombo. Gitaa la umeme na spika kubwa vipo stoo ya kanisa, na ufunguo anao Mwalimu Philbert wa kwaya. Nilikwenda kwake nikiwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili kuhusu muziki huu. Aliponitazama nikasahau kurasa zote mbili. Nikasema tunarekodi nyimbo za maombolezo.

Akavua miwani, akajifuta macho. Akasema hatimaye vijana wamewakumbuka wafiwa.

Nina ufunguo. Eveline anasema nimedanganya. Nimemwambia ni kweli kwa sehemu kubwa.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi. Nilimwambia Aroni apunguze kasi. Akapunguza. Nikamwambia apunguze tena. Akasema, "Kaka, nikipunguza tena nitakuwa nimeacha kupiga." Anadai wimbo wowote lazima uchangamke mahali fulani. Hajui kitu. Mimi nimesikia dakika nne, yeye hajasikia hata moja.

Nilipoanza kuunguruma, mama anayefagia kanisa aliingia na kikombe cha chai ya tangawizi. Akasema kifua hicho nisikichezee na baridi hii. Nikanywa yote. Ningefanyaje? Ni mama mtu mzima.

Jumamosi, 14 Juni

Studio, Mafinga. Prodyuza anajiita Danieli Mitambo. Wimbo wa kwanza ulipofika dakika ya pili aliizima kompyuta, akidhani imeganda. Nikamweleza kwamba ndivyo tunavyopiga. Akauliza una dakika ngapi. Kumi na moja. Akasema, "Dogo, hiyo siyo nyimbo, hiyo ni safari ya Mbeya."

Jioni akatupa flashi yenye nyimbo nne. Kwenye kila wimbo amepachika sauti yake, ile anayoiweka kwenye kazi zake zote: "Danieli Mitambo, moto!" Mimi naunguruma kwamba jua limezikwa wala halitachomoza tena, yeye anasema moto. Nilimwomba aitoe. Akajibu kwamba hiyo ni sahihi yake, na fundi hafuti sahihi.

Jumapili, 15 Juni

Aroni ameiweka albamu mtandaoni. Wasikilizaji: tisa. Maoni: moja. Mtu ameuliza kama hiyo ndiyo kasi ya nyimbo au simu yake ina shida. Aroni alinionyesha maoni hayo. Kisha akampigia kiongozi wa singeli mbele yangu na kumuuliza wanafanya mazoezi siku gani.

Kanisani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wakati wa matangazo Mwalimu Philbert alisimama na kutangaza albamu ya maombolezo ya vijana wetu. Makofi. Mama alilia kwa furaha. Nilifunga kamba za viatu mpaka ibada ikaisha.

Jumanne, 17 Juni

Mzee Asukile, fundi seremala, amefariki. Anazikwa kesho. Kamati ya msiba imetuma mtu kuchukua flashi yetu. Nilimkimbilia Mwalimu nikasema nyimbo bado zina kasoro. Akasema nisiwe mnyenyekevu kupita kiasi, spika zimeshafungwa msibani. Sijala chakula cha mchana. Kesho wataisikia, Mwalimu atajua, ufunguo utarudi, Aroni ataondoka.

Jumatano, 18 Juni

Waliipiga yote, kuanzia asubuhi. Hakuna aliyekimbia. Akina mama jikoni waliacha kumenya viazi wakalia. Bibi mmoja alisema huyu mtoto amefiwa kweli, mpaka maneno hayatoki. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kila nilipounguruma, akaniambia huo ni ujumbe mzito.

Jeneza likiwa linashushwa, spika ikasema, "Danieli Mitambo, moto!" Watu wakageuka kumtafuta Danieli. Mzee mmoja akaomba Danieli apishwe, pengine ametoka mbali.

Mtoto wa marehemu, anayeishi Mbeya, alinishika mkono muda mrefu. Akaomba nakala aende nayo. Nilimpa, lakini nimekereka. Nimetunga muziki wa kukatisha tamaa, watu wamefarijika!

Aroni alikula sahani mbili za wali na nyama. Tayari tumealikwa msiba mwingine, Ruaha Mbuyuni. Amesema singeli itasubiri.

Ijumaa, 20 Juni

Eveline amesema nimwambie Mwalimu ukweli, la sivyo anajitoa. Amesema nimwonyeshe muziki wenyewe, aelewe. Akaniwashia intaneti ya simu yake. Kwa mara ya kwanza nikausikiliza mpaka mwisho wimbo ule niliokuwa nimesikia dakika nne zake.

Dakika ya tano ngoma zinaanza kukimbia. Zinakimbia kabisa, kama singeli.

Nadhani mpiga ngoma wa bendi ile alikosea. Sijamwambia Aroni.

Jumamosi, 21 Juni

Nilikwenda kwa Mwalimu asubuhi. Nilikuwa nimeandaa sentensi moja tu ili nisiisahau: Shikamoo Mwalimu, nilikudanganya. Nilifika kwenye shikamoo. Akaitikia, akanyoosha mkono, akasema kwa kuwa maombolezo yamekamilika basi ufunguo urudi. Akaongeza kwamba binti yake Pendo anaolewa mwezi wa nane, na inasikitisha kwamba sisi tunajua misiba tu.

Nikamwambia albamu ya pili ni ya harusi.

Akavua miwani.

Nilirudi na ufunguo mfukoni. Eveline aliuliza kama nimezungumza na Mwalimu. Nikajibu tumezungumza vizuri sana. Nikafungua stoo, nikawasha spika, nikamwambia Aroni apige polepole zaidi kuliko kwenye albamu ya kwanza.