Siku Niliyokataa Kusimama Njiani

Leo nimeaibika, na njia nzima ya kwenda Lumemo ni shahidi.

Nesi aliniambia presha yangu inataka mwendo kila asubuhi, bila kusimama. Nimeshaanza na kuacha mara mbili. Sababu ni Mama Devota, jirani yangu muuza vitumbua. Nikifika kwake namsalimia, naulizwa habari za magoti, nawekewa kigoda. Mazoezi yameisha! (Vitumbua vyake vitamu, sikatai.) Juzi akasema mbele za watu, "Bibi Oliva, wewe kutembea huwezi." Mimi? Niliyepanda mpunga nimeinama maisha yangu yote?

Leo nikaapa: sisimami kwa mtu. Nikajifunga kanga kiunoni, nyingine kichwani, nikatoka kwa kasi.

"Shikamoo bibi! Kuna nini huko?"

Nikamwinulia mkono tu mama aliyekuwa akiosha vyombo. Nikapita.

"Jamani, hata hajibu!"

Nikapita. Mara nyuma nikasikia ndala. Pa, pa, pa. Zikaongezeka. Nikasema moyoni, kumbe nawafundisha watu afya! Nikakaza mwendo. (Kichwa kilikuwa kimeshavimba.)

Karibu na daraja nikasikia mtu analia.

Nikageuka. Mungu wangu! Wanawake kundi zima, kanga viunoni. Mmoja kabeba mchele kwenye ungo. Bodaboda kapakia sufuria ile kubwa ya shughuli. Na mbele yao Mama Devota, machozi yanamtiririka.

"Bibi Oliva, msiba uko kwa nani?"

"Msiba gani?"

"Si tunakufuata wewe! Mtu mzima, asubuhi yote hii, huna jembe, huna kikapu, umejifunga kanga, salamu huitikii!"

"Nafanya mazoezi."

Mama Devota akafuta machozi kwa kanga.

"Mazoezi? Na mimi nimelia tangu kule mashine ya mpunga!"

"Ulikuwa unamlilia nani?"

"Nilikuwa nangoja unitajie!"

Bodaboda akaangua kicheko, sufuria nusura itumbukie mtoni. Tukacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mchele tumeupika kwangu. Marehemu hakuna, na tumeshiba.

Sasa wameamua kesho tunatembea sote, na Mama Devota mwenyewe ndiye atakayenigongea mlango. Kuacha tena siwezi, nimekwisha.

Mnaotaka kucheka, chekeni leo mmalize. Ila mkae mkijua: kesho nikikupita bila salamu, endelea kuosha vyombo vyako. Hakuna aliyekufa.