Kitufe cha Toa Nakala

Jumatatu, 3 Machi

Nimeonewa! Tena mchana kweupe, sebuleni kwa baba mdogo. Marehemu baba alituachia albamu kumi za stempu, mimi na dada, bila kusema nani azitunze. Mwaka mzima tunavutana. Leo baba mdogo amechoka. Kanipa tano, kampa dada tano, na katangaza kwamba Jumamosi saa nne asubuhi kila mmoja alete orodha ya stempu zake. Mwenye orodha bora anachukua zote kumi.

Dada akatabasamu. Nalijua tabasamu lile, la mwalimu mstaafu anayeona mwanafunzi kasahau daftari. Mimi ni mtunza ghala miaka kumi na tisa! Orodha ndiyo kazi yangu! Nikasema yangu itatoka kwenye kompyuta. Dada akauliza kama hiyo kompyuta inajua baba alikuwa nani. Nikaondoka. Nilimjibu njiani, peke yangu, kwa sauti, hadi watu wakageuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimechukua likizo. Nimepata programu ya kuorodhesha stempu, ya Kiswahili kabisa. Ina kiherehere. Kila stempu inataka mwaka, rangi, tarehe ya muhuri wa posta, na idadi ya meno. Meno! Yaani vile vijino vya ukingoni. Stempu ya kwanza imenilia nusu saa. Mke wangu akauliza zimebaki ngapi. Mia sita na tatu. Akatoka akicheka. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Jumatano, 5 Machi

Siku ya balaa. Nimegundua kwamba nikihesabu meno kwa sauti sipotei. Nikawa nahesabu, stempu nikiziita kama watu. Nikasema huyu wa kijani ndiyo basi tena, mapengo matupu, na lililobaki limepinda. Nikainua macho. Mama mkwe amesimama mlangoni, kavaa kijani. Hakusubiri maelezo. Mke wangu naye hasemi nami tangu saa sita, isipokuwa kunijulisha kwamba hasemi nami.

Jioni nikapita kwa dada, kwa bahati tu, upande wa dirisha. Yupo mezani na lenzi, kalamu ya wino na daftari la jalada gumu. Anasoma muhuri wa kila stempu na kuandika tarehe yake. Kila stempu! Yuko albamu ya pili tu. Nikafurahi. Kisha, bila hata kuinua kichwa, akaniambia niache kukanyaga maua yake, niingie ninywe chai. Nyongo ilinipanda. Chai nilikunywa.

Alhamisi, 6 Machi

Albamu ya tatu imenitia wazimu. Kurasa zote stempu moja! Ndege wa buluu, ndege wa buluu, ndege wa buluu. Mia tatu na kumi na mbili! Baba kafanya kazi posta miaka thelathini, stempu za dunia nzima zinapita mikononi mwake, na anaokota hii hii? Nilimkasirikia, Mungu amrehemu.

Lakini akili ni mali yangu. Programu ina kitufe cha Rudia. Unajaza ndege mmoja, unabonyeza, anatokea wa pili mwenye kila kitu kile kile. Tarehe za muhuri nikaziacha wazi. Nani atazisoma? Ndege wote mia tatu na kumi na mbili wamekwisha kabla chai haijapoa. Dada atakiona cha mtema kuni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza! Stempu mia sita na nne, zimepangwa kama magunia ghalani.

Nikakumbuka kanuni ya bosi wangu: karatasi isiingie kwenye faili kabla hujaitoa nakala. Nikatafuta kitufe. Kipo, kimeandikwa waziwazi, Toa Nakala. Nikakibonyeza. Programu ikauliza, je, una uhakika? Dharau gani hii? Mtunza ghala anaulizwa kama ana uhakika! Nikabonyeza Ndiyo kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Ikajibu: nakala 358 zimetolewa.

Mia tatu hamsini na nane! Mimi nilitaka moja tu. Hii ndiyo maana ya teknolojia. Nimefunga kompyuta kifua mbele.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nina hasira.

Dada kaweka daftari lake mezani. Mimi nikafungua kompyuta, nikasogeza kiti cha baba mdogo karibu. Jumla ya stempu: 246. Nikadhani ni macho. Nikafunga, nikafungua. 246! Dada akavaa miwani, akauliza nilibonyeza nini. Nikamwambia nilitoa nakala. Akanieleza taratibu, kwa ile sauti ya darasa la kwanza, kwamba programu imezitoa. Imezitoa nje. Kila stempu iliyofanana na mwenzake imetupwa nje ya orodha.

Nikapiga kelele kwamba kutoa nakala ni kutoa nakala, kila duka la fotokopi limeandika hivyo ukutani! Baba mdogo hakunisikiliza. Aliuliza ndege wako wangapi. Nikatazama. Ndege wa buluu: mmoja.

Akavua kofia. Akasema mama yetu, kabla ya kuolewa, alisomea uuguzi mji mwingine miaka miwili. Alimwandikia baba karibu mara tatu kwa wiki, na siku zote alibandika ndege wa buluu, ili baba aijue barua yake akiwa bado anapanga mafungu posta. Baba hakutupa hata stempu moja.

Nikamgeukia dada. Alijua? Alijua. Kwa nini hakuniambia? Akasema aliniuliza Jumatatu kama kompyuta inajua baba alikuwa nani, nami nikaondoka nimenuna.

Dada kashinda. Kisha akafanya jambo la kuudhi kuliko yote: alinihurumia. Akanirudishia albamu ya tatu. Akasema niwaandike ndege wote, kila mmoja na tarehe yake, Jumatano saa nne atakuja kuangalia. Nikikamilisha, albamu ile ni yangu. Nimeipokea shingo upande. Naitaka kuliko zote tisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika ndege wa mia moja na arobaini. Kati ya Mei na Juni kuna wiki tatu hazina stempu. Waligombana? Kisha siku moja ina stempu nne. Mama! Nililia kidogo. Mke wangu ameanza kusema nami. Anashauri niandike na kwenye daftari pia. Daftari ni la kina dada. Nimekataa.

Jumatano, 12 Machi

Saa tatu na nusu. Wote mia tatu na kumi na mbili wamo, kila mmoja na tarehe yake! Nimewahesabu mara mbili. Dada yuko njiani.

Kinaniuma kitu kimoja tu. Zile arobaini na saba nyingine zilizotupwa Ijumaa bado hazimo, na dada atazitaja, namjua. Lakini sasa programu hii siiogopi tena. Nimejifunza lugha yake. Nimepekua hadi chini kabisa nikakuta kitufe sahihi: Rejesha Mwanzo. Hapo hapana utata. Kurejesha ni kurudisha. Mwanzo ni kabla ya Ijumaa.

Imeuliza tena kama nina uhakika. Haikomi! Nimebonyeza Ndiyo kwa kidole kile kile, ili ijue ni mimi.

Dada anabisha hodi. Programu inanikaribisha, inaniomba niandike stempu yangu ya kwanza.